Ubao, Rangi na Siri: Sanamu za Wahenga wa Waabelam katika Mizani ya Neno

Utangulizi

Mwalimu wa Agano la Kale anapofika katika Isaya 44, darasa hucheka. Nabii anatuonyesha mtu aliyekata mti mmoja. Sehemu yake aliiwasha moto, akaota, akaoka mkate na nyama. Sehemu iliyobaki akaichonga, akaisujudia. Kejeli hiyo ni kali, na hoja yake haina jibu. Lakini mwanafunzi atokaye darasani na kicheko hicho peke yake yumo katika hatari ya kudhani kwamba amekwisha kuifahamu kila sanamu iliyopata kuchongwa chini ya jua.

Makala hii inakusudia kuijaribu dhana hiyo kwa kuzitazama sanamu za aina moja tu. Nazo ni zile sanamu kubwa za mbao, zilizochongwa na kupakwa rangi, ambazo Waabelam wa Papua Guinea Mpya huziita nggwalndu, yaani wahenga wakuu wa koo. Waabelam hukaa katika vilima vya kusini ya milima ya Prince Alexander, karibu na mji wa Maprik, katika Mkoa wa Sepik Mashariki.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini twende mbali hivyo. Sababu ni mbili. Kwanza, tunapozihukumu kazi za babu zetu wenyewe, ama hasira ama mapenzi hutuziba macho. Kwa jirani wa mbali twaweza kujifunza kutazama kwa utulivu. Pili, nchi hiyo si ngeni kwetu katika historia ya Kanisa. Johann Flierl alianza kazi ya Kilutheri huko Finschhafen mwaka 1886, na Christian Keysser alifika huko mwaka 1899. Miaka mitatu baadaye Bruno Gutmann alikuja Kilimanjaro. Watu hawa wawili, kila mmoja mahali pake, waliuliza swali moja: Injili inapowafikia watu, je, inamkuta mtu mmoja mmoja aliye peke yake, au inamkuta akiwa ndani ya ukoo, ujirani na rika? Swali hilo ndilo lililo nyuma ya kila sanamu ya mhenga.

1. Kazi yenyewe

Sanamu ya nggwalndu ni umbo la mwanamume, nyingine ndefu kupita kimo cha mtu. Uso wake ni wa duara la yai, macho yake ni makubwa yenye kuzungushiwa mistari, na kichwani ana pambo refu. Uume wake huonyeshwa bila kificho, kwa maana kazi ya mhenga huyu ni uzazi: wa watu, wa nguruwe, na hasa wa viazi vikuu. Mara nyingi mwilini mwake pamechongwa ndege au wanyama, na miongoni mwao hondohondo huonekana sana. Rangi ni nne: nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi. Hakuna sehemu inayoachwa wazi. Jicho la mtazamaji halipati mahali pa kupumzika.

Makao ya sanamu hizi yalikuwa nyumba ya ibada iitwayo korambo. Nyumba hii ina umbo la pembetatu. Paa lake hushuka mpaka chini, na kilele chake cha mbele huinuka na kuinamia uwanja wa kijiji. Kubwa zake zilifikia mita 18 na zaidi. Uso wa nyumba ulifunikwa kwa magamba mapana ya mtende wa sago, yaliyonyooshwa na kushonwa pamoja, kisha yakachorwa safu ya nyuso kubwa za wahenga. Yeyote aliyepita uwanjani, mwanamume au mwanamke, mtoto au mgeni, alitazamwa na macho hayo. Lakini mlango ulikuwa mdogo na wa chini, na waliouingia walikuwa wachache. Kwa hiyo nyumba ile ilitangaza na kuficha kwa wakati mmoja. Mhenga alionekana na wote kwa nje, lakini sanamu yake ilikuwa gizani, ndani.

Ndani ndimo vijana walimopitishwa katika jando. Jando hilo halikuwa tendo la siku moja. Lilikuwa na ngazi kadhaa, na mtu aliweza kutumia miongo ya miaka kuzimaliza zote. Kijiji kiligawanyika katika pande mbili, na kila upande uliwatia jandoni vijana wa upande wa pili. Baada ya maandalizi marefu kijana aliingizwa, akakutana ghafula na safu ya sanamu zenye rangi mbichi, pete za kombe, majani na matunda, vyote vikiwa vimebanana katika nafasi ndogo. Kisha akatolewa. Baada ya sherehe onyesho lilivunjwa, na rangi zikaachwa zififie mpaka wakati mwingine.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya uhakiki wetu. Sanamu moja ya nggwalndu iliyosimamishwa peke yake katika kabati la kioo huko Ulaya au Australia, chini ya taa nyeupe, ni kama neno moja lililokatwa katika zaburi. Laweza kusomeka, lakini sala yenyewe haimo tena. Wasifu wa makumbusho husifu uchongaji, kwa sababu uchongaji ndio uliosalia. Waabelam wenyewe wasingeanza na uchongaji.

2. Rangi na nguvu

Mtu aliyetufundisha zaidi habari hizi ni Anthony Forge, mtaalamu wa Kiingereza wa elimu ya jamii za watu, aliyeanza kukaa kwa Waabelam mwaka 1958 na kufariki mwaka 1991. Kabla yake Phyllis Kaberry alikuwa amefika huko mwaka 1939. Forge alionyesha jambo ambalo kila mhubiri wa Isaya 44 analazimika kulifikiria: kwa Waabelam nguvu haimo katika ubao. Imo katika rangi.

Mchongaji mwenye ustadi aliheshimiwa, lakini sanamu isiyopakwa rangi ilikuwa ubao tu. Rangi ndiyo iliyoifanya iwe ya kutisha na ya kufaa. Rangi hiyo haikuhesabiwa kuwa pambo. Ilikuwa dawa, ya jamaa moja na vitu vilivyotumika kukuza viazi na hata kudhuru watu. Walioitumia walishika miiko, wakajitenga na wake zao, wakafanya kazi chini ya usimamizi wa wazee. Utaratibu wa uchoraji ulikuwa na adabu yake. Kwanza magamba yalipakwa udongo wa rangi ya giza. Kisha fundi mkuu alichora mistari myeupe. Baada yake wasaidizi walijaza ngeu na njano mahali walipoonyeshwa. Mstari wa fundi ulishika kazi yote, hata wenye mikono isiyozoea wakaweza kushiriki bila kuiharibu.

Basi kejeli ya nabii inawafikiaje watu hawa? Mwabelam angeweza kukubaliana na Isaya kwamba ubao ni ubao. Angeweza kuuacha uliwe na mchwa, akachonga mwingine. Asiyeelewa jambo hili huhubiri kwa nguvu nyingi dhidi ya imani ambayo wasikiaji wake hawanayo, na ile waliyo nayo huiacha bila kuigusa. Hili si kosa la nabii. Yeye alisema na watu wa wakati wake waliojua alichokisema. Ni kosa la mhubiri anayeazima jibu kabla ya kusikiliza swali.

3. Kiazi kisicholiwa na aliyekilima

Haiwezekani kuzisema sanamu hizi bila kuvisema viazi vikuu. Wanaume wa Abelam hulima aina maalumu ya viazi virefu, ambavyo hufikia mita 2, na vingine 3 na zaidi. Mkulima alijinyima unyumba kwa miezi mingi, na wanawake hawakuruhusiwa kukaribia shamba hilo. Kiazi kilipochimbwa kilivishwa kama mtu: kilipewa uso wa kusukwa au wa kuchongwa, kikapambwa kwa manyoya na rangi, na kikaitwa kwa jina la nggwalndu. Kisha kikatolewa kwa mshindani wa upande wa pili wa kijiji, ambaye naye alipaswa kurudisha kilicho sawa au kikubwa zaidi. Mwenye kukilima hakukila.

Hapa ndipo uzuri wa kazi za Waabelam unapofunuliwa. Kiazi kilichovishwa uso na sanamu iliyopakwa rangi ni ndugu. Vyote viwili ni mwanamume aliyekuzwa gizani kwa kujinyima, akatolewa nje kwa fahari, akakabidhiwa kwa mwingine. Hata kijana wa jando yu vivyo hivyo. Mtu, chakula na mhenga vimevishwa vazi moja. Ni watu wachache waliopata kusema kwa rangi nne neno lenye umoja wa namna hiyo. Mkristo hapaswi kuona haya kulisifu, kwa kuwa hata kule kunyimwa kula jasho lako ili jirani ale ni jambo ambalo mahubiri yetu ya sikukuu ya mavuno hulitafuta mara nyingi bila kulipata.

Lakini sifa hiyo isitufunge macho. Kiazi kirefu kilikuwa zawadi, na kilikuwa silaha pia. Ukubwa wake ulipimwa, na aliyeshindwa kurudisha aliaibika. Zawadi iliyokusudiwa kumshinda apokeaye si neema. Mwanateolojia anayesifu utoaji huo kana kwamba ni agape amesoma nusu ya ukurasa.

4. Kimya

Forge aliuliza mara kwa mara maana ya mchoro huu au ule. Hakupata maelezo ya kumridhisha. Aliambiwa jina la mchoro, na jina hilo liliweza kubadilika kutoka mtu hadi mtu. Kisha aliambiwa kwamba wahenga walifanya hivyo. Vijana wa jando nao hawakufafanuliwa. Walionyeshwa tu. Kutokana na hali hiyo Forge alifikia hoja yake mashuhuri: michoro hii si picha za vitu wala vielelezo vya hadithi. Ni njia ya kusema mambo ambayo ulimi hauyasemi, na mengine ambayo ulimi usingeweza kuyasema bila kuyavunja.

Moja la mambo hayo lastahili kutajwa. Nyumba ya wanaume, iliyofungwa kwa wanawake, imejaa dalili za uke. Kijana huingia katika tumbo lake na hutoka kama aliyezaliwa upya. Watafiti wa baadaye, kama Diane Losche na Brigitta Hauser-Schäublin, walituelekeza pia kwenye mifuko ya kamba inayosukwa na wanawake, na kwenye kazi ya wanawake kwa jumla, ambayo wageni wa kwanza waliipita haraka walipokuwa wakiukimbilia mlango uliofungwa. Kwa hiyo siri ya wanaume, ikitazamwa vema, ni ungamo: kwamba uzima hautoki kwao. Ukuta walisema hivyo. Vinywa vyao vilisema kinyume chake.

Sisi Walutheri tumelelewa na Neno linalosikiwa. Mbele ya sanamu twauliza mara moja: maana yake nini? Tukikosa jibu, twahukumu kuwa hakuna kitu. Uhakiki wa Forge unatuonya tusifanye haraka. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba yeye naye aliishia njiani. Kimya cha mchoraji kilikuwa na utajiri. Lakini kimya kile kile kilikuwa mali ya watu fulani, na kiliwakalia wengine. Mtaalamu wa sanaa aweza kuliacha jambo hilo pembeni. Mchungaji hawezi, kwa sababu washarika wake wamo katika pande zote mbili za mlango ule.

5. Siri ilipofunuliwa

Jirani na Waabelam wako Waarapesh wa Ilahita, walioipokea ibada hiyo ya nyumba kubwa kutoka kwa Waabelam. Mtafiti Donald Tuzin aliishi nao, akaandika habari zao. Mwaka 1984, wakati wa uamsho wa Kikristo, wanaume kadhaa wa Ilahita walisimama katika ibada ya Jumapili wakawaungamia wanawake kwamba ile sauti ya kutisha, na ule mzimu uliodai nyama na utii, vilikuwa kazi ya wanaume tangu mwanzo. Wake na mama zao walikuwa wamedanganywa kwa vizazi vingi.

Ungamo hilo laweza kuitwa tunda la Roho. Kusema kweli mbele ya uliyemdanganya ni toba, na sipendi kumsikia Mkristo akiomboleza kupotea kwa siri iliyotunzwa kwa hofu. Lakini Tuzin, aliporudi baada ya ungamo hilo, hakukuta amani. Alieleza kwamba uhusiano wa wanaume na wanawake uliharibika, na ugomvi wa nyumbani ukaongezeka. Wanaume walikuwa wamepoteza kilichowapa heshima, na hawakujua kuwa wanaume kwa njia nyingine.

Hapa pana somo zito kuliko yote katika habari hizi. Sanamu ilitoka, lakini kile ilichokilinda, yaani kutaka ukuu juu ya mwingine, hakikutoka pamoja nayo. Bwana wetu alifundisha habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, ikabaki tupu (Mathayo 12:43-45). Kufagia si mwisho wa kazi ya Injili. Keysser, pamoja na mapungufu yake, alilijua hilo: hakutaka kuvunjwa kwa mambo ya kale kabla watu wenyewe hawajaamua pamoja kwamba wana Bwana mwingine, na namna watakavyoishi chini yake.

6. Vichwa vya Bunge

Jengo la Bunge la Papua Guinea Mpya mjini Port Moresby lilifunguliwa mwaka 1984, mwaka ule ule wa ungamo la Ilahita. Uso wake mrefu wenye kuinuka ulifuata umbo la nyumba za ibada za Maprik. Mwishoni mwa mwaka 2013 Spika Theo Zurenuoc, mbunge wa Finschhafen, aliamuru viondolewe vichwa vya kuchongwa vilivyokuwa juu ya mlango, na ikaanza pia kuvunjwa nguzo kubwa ya kuchongwa iliyokuwa ndani. Alieleza kwamba nia yake ni kulisafisha Bunge na alama zisizo za kimungu. Wengi walipinga, wakiwemo viongozi wa nchi na Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2016 mahakama iliamua kwamba tendo hilo halikuwa halali. Katikati ya hayo, mwaka 2015, ililetwa kutoka Marekani Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, nayo ikawekwa Bungeni kwa heshima kuu.

Sina haki ya kuhukumu moyo wa mtu aliyetaka nchi yake iache ufisadi na kumcha Mungu. Lakini tendo laweza kupimwa. Wale walioona kwamba vichwa vya mbao vinaleta laana juu ya taifa walivipa nguvu ambayo wachongaji wa jengo la serikali hawakuvipa. Havikupata kupakwa rangi ya jando wala kulala gizani. Na kitabu cha kale kinapowekwa mahali pao ili kuleta baraka kwa kuwapo kwake, ndipo swali la Waabelam linapotugeukia sisi. Je, Neno hili linahubiriwa na kusikiwa, au limekuwa rangi mpya iliyopakwa juu ya ubao ule ule?

7. Mizani ya Luther

Mwezi Machi mwaka 1522 Luther alitoka Wartburg na kurudi Wittenberg, ambako watu walikuwa wameanza kuziondoa sanamu makanisani kwa nguvu. Katika mahubiri yake ya wiki ile, na tena katika maandiko yake dhidi ya Karlstadt mwaka 1525, alishika njia nyembamba. Hakuzitetea sanamu kama jambo la lazima. Alifundisha kwamba Neno lazima lizitoe kwanza mioyoni. Zikisha kutoka humo, zilizo mbele ya macho hazidhuru. Na zikivunjwa kwa mikono kabla ya hapo, moyo hubaki na sanamu zake, tena huongeza moja: kiburi cha aliyevunja. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 alieleza Amri ya Kwanza kwa kuuliza moyo wa mtu umetegemea nini. Hakuanza na mti wala jiwe; alianza na fedha, elimu na jamaa.

Tukizipima nggwalndu kwa mizani hiyo, hukumu yake haiwi ya upande mmoja. Kama kazi ya mikono, ni ushuhuda wa watu waliojua kwamba uzima hupokewa na kukabidhiwa. Kama tegemeo la moyo, zilisimama mahali pasipo pao, kwa kuwa ziliombwa yale ambayo Muumba peke yake huyatoa. Kama chombo cha utawala, ziliwatumikisha wengi kwa hofu. Hukumu hizi tatu ni za kweli kwa pamoja, na anayetaja moja na kuzificha mbili hajasema kweli.

Mtu atajibu kwamba Hezekia aliivunja nyoka ya shaba (2 Wafalme 18:4). Ndivyo, na alitenda vema. Lakini tuangalie kwamba nyoka ile ilitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Haikuvunjwa kwa sababu asili yake ilikuwa mbaya. Ilivunjwa kwa sababu watu waliifukizia uvumba. Hezekia aliitazama ibada ya watu wake, akaihukumu hiyo. Aliyewatazama watu wake ana ruhusa ya kushika nyundo. Aliyetazama ubao tu hana.

Hitimisho

Ndugu zangu watumishi, na ninyi mnaojiandaa kwa utumishi, iko siku mtaitwa nyumbani kwa msharika, naye atawaonyesha kitu cha babu yake kilichofungwa katika kitambaa. Atauliza: Mchungaji, nikichome? Jibu la haraka ni rahisi kwa kila upande. Mmoja atawasha moto, mwingine atasema ni utamaduni tu. Wote wawili watakuwa wameondoka mapema.

Kaeni kwanza. Ulizeni kitu hicho kilifanya kazi gani, nani aliruhusiwa kukiona, nani alizuiwa, na nani alikiogopa. Ulizeni leo kinaogopwa na nani. Ulizeni pia ni nini kitakachoshika mahali pake kikiondoka, na kama mkewe na mama yake wamo katika shauri hilo. Baada ya hapo hubirini Amri ya Kwanza pamoja na Injili yake, mkimtaja yeye aliye mfano wa Mungu asiyeonekana (Wakolosai 1:15), aliyetundikwa hadharani, bila pazia, mbele ya wanawake waliosimama wakitazama. Kwake hapakuwa na siri ya upande mmoja. Moyo uliompata huyo utajua wenyewe la kufanya na ubao, na mkono hautatetemeka, ama ukiuchoma ama ukiutunza.